Usimwite Mwingereza

Haya jamani, nimerudi. Wiki mbili sikuandika kitu. Wa kulaumiwa ni msimamizi wangu wa utafiti pamoja na mvua ya Glasgow, na sijui kati yao nani kanichosha zaidi. Leo Jumapili, nguo ziko kwenye mashine huko chini, nina kama saa nzima ya kukaa, basi acha nilitoe jambo linalonizunguka kichwani tangu nifike nchi hii.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Siku ya kwanza kabisa nilichukua teksi kutoka stesheni. Dereva mzee mmoja, mcheshi, akaniuliza natokea wapi, tukaongea mpira, tukaongea joto la kwetu. Nilipokuwa nashuka nikamwambia kwa heshima zote, "Mzee, nyinyi Waingereza kumbe ni watu wakarimu sana." Mzee akazima gari. Akageuka mzima mzima. "Kijana, mimi siyo Mwingereza." Hakukasirika, ila alinipa darasa la dakika kumi, mita akiwa ameshaizima, kuanzia mwaka 1296 mpaka mafuta ya Bahari ya Kaskazini, mabegi yangu yanalowa pale barabarani. Mwisho akakataa bakshishi.

Sasa mnisamehe, kosa lile siyo langu peke yangu, ni la Kiswahili chetu pia. Sisi tuna neno moja tu, Uingereza, na tumelitumia kufunika nchi nne: England yenyewe, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Aliyekuja kututawala alikuwa Mwingereza, basi, nani alikuwa na muda wa kuuliza ni Mwingereza wa wapi? Kumbe kumwita Mskoti Mwingereza ni sawasawa na mgeni ashuke bandarini Malindi, Unguja, amwite mtu wa pale Mtanganyika. Jaribu uone kama utapata hata maji ya kunywa.

Huo mfano wa Unguja sikuuokota. Mama yangu ni wa Makunduchi, baba ni Mnyamwezi wa Tabora. Nimezaliwa Unguja, shule ya sekondari nimesoma Dodoma. Muungano kwetu siyo mada ya kwenye redio, ni mimi mwenyewe nilivyo. Ndiyo maana hawa jamaa wananishughulisha kiasi hiki.

Niseme kwanza ninachowapendea. Wana neno lao la Kiskoti, "thrawn". Maana yake mtu mkaidi, mbishi, ukimwambia pita huku atapita kule hata kama kule kuna matope, na wala halijifichi kwamba ndani yake kuna sifa kidogo. Mtu akikuambia bibi yake alikuwa thrawn, anamsifia. Ukitaka kuuona ukaidi huo nenda katikati ya mji, mbele ya jumba la sanaa ya kisasa. Pana sanamu ya Mtawala wa Wellington, yule jenerali aliyempiga Napoleon, kapanda farasi, na kichwani kavaa koni ya barabarani, ile ya rangi ya chungwa ya kuzuia magari. Watu huipandisha usiku, manispaa inaishusha, wanaipandisha tena, miaka na miaka. Mwaka 2013 manispaa ikaja na mpango wa pauni 65,000 wa kuinua jukwaa la sanamu ili walevi wasilifikie. Mji mzima ukacharuka, mpango ukafa. Koni bado ipo. Nimepiga nayo picha nikamtumia baba, akaniuliza kama hicho ndicho nilichopelekwa kusomea.

Halafu kuna kisa cha jiwe. Hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu ni cha wanafunzi kama sisi. Wafalme wa Uskoti wa zamani walikuwa wakitawazwa juu ya jiwe fulani, Jiwe la Majaaliwa. Mwaka 1296 mfalme wa England, Edward wa Kwanza, akalibeba akalipeleka Westminster, likakaa chini ya kiti cha kutawazia miaka zaidi ya mia sita. Krismasi ya mwaka 1950 vijana wanne, kiongozi wao Ian Hamilton akiwa anasoma sheria hapa hapa Glasgow, wakaendesha magari hadi London usiku wa baridi, wakaingia ndani ya kanisa la Westminster na kulichomoa. Jiwe lina kilo kama 152! Wakalivuta, likavunjika vipande viwili, wakaondoka navyo. Polisi walifunga mpaka kati ya England na Uskoti. Aprili 1951 jiwe likakutwa limewekwa kwenye magofu ya abasia ya Arbroath, mahali ambapo wanahistoria wanapahusisha na barua ya mwaka 1320 ambayo mabwana wa Uskoti walimwandikia Papa kudai kwamba wao ni nchi. Serikali haikuwashitaki wale vijana. Mwaka 1996 London ikalirudisha jiwe yenyewe kwa sherehe, na tangu 2024 lipo makumbusho ya mji wa Perth. Hakuna aliyeuawa, hakuna jengo lililochomwa. Jiwe liliibwa, taifa likacheka, na swali likabaki mezani.

Na mjue nani alikuwa mwanafunzi Edinburgh Krismasi hiyo? Julius Nyerere. Alifika 1949, akaondoka na shahada yake 1952. Mwezi Oktoba wa ule mwaka aliofika ndipo Waskoti walipoanza kukusanya saini za kudai bunge lao la ndani, zikafika takriban milioni mbili. Alifikiria nini kuhusu hayo, sitasema, maana sikuwepo. Lakini nitamrudia Mwalimu chini, msiondoke.

Tukio jingine ni la juzi juzi tu. Tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idi, gari la uhamiaji lilikwenda mtaa wa Kenmure, upande wa kusini wa Glasgow, likawakamata wanaume wawili wenye asili ya India. Majirani wakatoka. Mmoja akajilaza chini ya gari. Wengine wakakaa barabarani, wakaongezeka, wakawa mamia, wanapiga kelele kwamba hawa ni majirani zetu waacheni. Saa nane hivi! Mwishowe polisi wakafungua mlango na wale jamaa wakaondoka kwa miguu huku watu wakipiga makofi. Mimi natembea na visa mfukoni, kila mwaka nahesabu siku zilizobaki. Nikipita mtaa ule huwa napunguza mwendo, basi tu.

Lakini jamani tusije tukawapaka mafuta mpaka wakateleza. Kuna tabia ya Waskoti wengine, ukianza kuongea ukoloni, kujikalisha upande wetu: hata sisi Waingereza walitutawala. Hapo huwa nasema hapana, kaa pale kwanza. Kampuni ya Imperial British East Africa ya mwaka 1888 iliyochukua Kenya, mwenyekiti wake alikuwa William Mackinnon, Mskoti wa Campbeltown. Swala tomi wa Serengeti kapewa jina la Joseph Thomson, naye ni wa huku. Mitaa ya katikati ya Glasgow, Buchanan, Glassford, Ingram, ni majina ya wafanyabiashara waliotajirika kwa tumbaku iliyolimwa na watumwa. Chuo kikuu chenyewe mwaka 2018 kilitoa ripoti kikikiri kwamba kilifaidika na fedha zilizotokana na utumwa, na 2019 kikaahidi pauni milioni 20 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha West Indies. Hilo la kukiri nawapa alama, wengi hawajafanya. Lakini Mskoti kwenye himaya ile hakuwa abiria aliyelala. Alikuwa kwenye usukani akipokezana.

Pia kuna ulevi, kuna mpira wa Celtic na Rangers ambao ukichokonoa unakuta dini, na vifo vya dawa za kulevya ambavyo kwa uwiano ni vingi kuliko nchi yoyote ya Ulaya. Na afya iko mikononi mwao wenyewe tangu Bunge lao lifunguliwe 1999. Kwa hiyo mtu akiniambia uhuru utaponya kila kidonda, namsikiliza kwa adabu.

Haya, uhuru. Mwezi uliopita rafiki yangu wa maabara alinialika kwao, Fife, chakula cha Jumapili. Mezani yeye, mama yake, mzee wake, na mimi. Mwaka 2014 binti alikuwa na miaka 16, na sheria ya kura ile iliruhusu wa miaka 16. Akapiga Ndiyo, Uskoti iwe nchi huru. Baba yake akapiga Hapana. Nikawauliza, wenyewe, bila kona: ilikuwaje humu ndani? Mama akacheka, akasema wale wawili hawakusemeshana kama wiki mbili, chumvi ilikuwa inapitia kwake. Mzee akasema yeye alihofia pensheni yake, na sarafu, maana serikali ya London ilishasema Uskoti ikiondoka haitagawana nayo pauni. Binti akamwambia, "Ukatutisha na pensheni, miaka miwili baadaye wakatutoa Ulaya." Kweli, mwaka 2016 asilimia 62 ya wapiga kura wa Uskoti walitaka kubaki Umoja wa Ulaya, wakatolewa kwa kura za wenzao. Mzee akakuna kichwa. Akasema, "Hapo umenipata, lakini bado." Wakaendelea kubishana mpaka viazi vikapoa. Kisha mzee akaosha vyombo na binti akawa anafuta.

Mimi nilikuwa nawatazama wale watu kama natazama sinema. Siyo kwa sababu ya hoja, hoja nilishazisoma. Nilikuwa natazama kwamba hakuna aliyeshusha sauti. Hakuna aliyeangalia dirishani. Mtu alikuwa anasema mbele ya mgeni "nataka nchi hii ivunjike" na mwenzake anamjibu "pitisha mbaazi".

Kwetu nimekulia kwenye kushusha sauti. Mjomba wangu wa Makunduchi akianza habari za Muungano, bibi alikuwa anafunga mlango kwanza. Mwaka 1984 Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alijiuzulu nyadhifa zake kwa sababu ya suala la muundo wa Muungano, na kilichoelezwa ni kwamba hali ya hewa imechafuka. Tangu hapo mtoto wa Unguja anajua hali ya hewa ni nini.

Angalieni sasa tarehe. Septemba 18, 2014 Waskoti wanapiga kura: kubaki asilimia 55.3, kuondoka 44.7, waliojitokeza asilimia 84.6. Mwezi huo huo mimi niko kidato cha pili Dodoma, na mjini pale Bunge Maalum la Katiba linakaa. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa imependekeza serikali tatu. Wapinzani walishatoka nje tangu Aprili. Waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba, yenye serikali mbili zile zile. Sisi wananchi tungepiga kura Aprili 2015, ikaahirishwa, haijafanyika mpaka leo. Wazanzibari waliwahi kuulizwa jambo kwa kura ya maoni 2010, lakini lilikuwa serikali ya umoja wa kitaifa, siyo Muungano. Kuhusu Muungano wenyewe hajaulizwa mama, hajaulizwa baba.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Kura ile ya Uskoti haikuuliza damu, iliuliza unaishi wapi. Mskoti wa kuzaliwa aliyehamia London hakupiga. Lakini raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi huku kihalali alikuwa na haki. Maana yake mwanafunzi Mtanzania aliyekuwa hapa Glasgow 2014 aliulizwa kama Uskoti iondoke kwenye muungano wa miaka 307, na ile ya kwao wenyewe ya miaka 50 hakuna aliyemgusa bega. Nimelifikiria hili mara nyingi kwenye basi.

Kwa upande wa asili yake, wala muungano wao haukuanza kwa demokrasia. Mwishoni mwa miaka ya 1690 Waskoti walitia fedha zao nyingi kwenye koloni la Darien, kule Panama, likafa kwa homa na njaa na Wahispania, nchi ikabaki imekauka mfuko. Waliokubali muungano wa 1707 walikuwa wabunge wachache wa tabaka la juu, na pauni 398,085 zilitolewa na England kama fidia ya kulipia, pamoja na mengine, hasara za Darien. Wananchi walifanya fujo Edinburgh na hapa Glasgow kuupinga. Wetu wa 1964 ulisainiwa Aprili 22, ukaanza 26, siku mia na chache baada ya Mapinduzi. Mambo ya Muungano 11, leo 22. Kwa hiyo wote tumezaliwa nyumba zinazofanana. Tofauti ni kwamba Waskoti walianza kuuliza nyumba ni ya nani, wakaulizwa nao. Mwaka 1979 walipata wengi wa waliopiga kura kutaka bunge, lakini likawekwa sharti la asilimia 40 ya wote walioandikishwa, wakakwama. Hawakuingia msituni. Walisubiri miaka 18, mwaka 1997 wakapata asilimia 74. Ukaidi ule ule wa koni.

Sasa Mwalimu. Mwaka 1968 Tanzania iliitambua Biafra, na hoja yake ilikuwa kwamba umoja hauwezi kusimama bila ridhaa ya watu wenyewe, ukiulinda kwa bunduki umeshakufa. Mimi hiyo hoja naiamini yote. Miaka 25 baadaye wabunge 55 walipodai serikali ya Tanganyika, Mwalimu huyo huyo akawashukia kama radi, mpaka akaandika kitabu. Nampenda Mwalimu, ila kwenye hilo namuuliza: ridhaa inapimwaje kama kuuliza kwenyewe ni dhambi?

Mimi mwenyewe nikiulizwa leo kuhusu Uskoti? Nilikuja nikiwa mtu wa Hapana. Mtoto wa ndoa ya bara na visiwani hawezi kupenda mipaka mipya, mwili wenyewe unakataa. Nikiona mpaka unachorwa namwona mama upande mmoja na baba upande wa pili. Hata hapa, nusu ya wanafunzi wenzangu wana mama wa Manchester na baba wa Dundee.

Kilichonisogeza ni hukumu ya Novemba 2022. Mahakama ya Juu ya ufalme mzima ilisema, majaji wote kwa pamoja, kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura nyingine ya uhuru bila ruhusa ya London. Kisheria huenda wako sahihi, sheria ya 1998 iliandikwa hivyo. Lakini miaka yote tuliambiwa huu ni muungano wa hiari. Hiari ambayo ufunguo wake anao mwenzako, mimi hiyo naijua, nimezaliwa nayo. Tangu siku niliyoisoma hukumu ile nimekuwa mtu wa "waulizwe tena", na wakiulizwa, sina hakika tena kama ningepiga Hapana. Huenda ningepiga Ndiyo kwa mkono unaotetemeka. Tafiti za maoni miaka yote hii zinacheza karibu na nusu kwa nusu, kwa hiyo siko peke yangu kwenye kutetemeka. Na msidhani chama cha uhuru kinabebwa tu: 2024 kilianguka kutoka viti 48 vya Westminster hadi 9, watu walichoshwa na kashfa na hospitali. Mkaidi hana adabu hata kwa watu wake.

Jambo moja la kuchekesha kabla sijasahau. Kati ya Machi 2023 na Mei 2024 kiongozi wa serikali ya Uskoti alikuwa Humza Yousaf, baba kazaliwa Pakistan, mama kazaliwa Kenya. Na alikuwa anadai uhuru wa Uskoti kuliko wazee wenye sketi. Mtu akiniambia utaifa ni lazima uwe wa damu huwa namtajia huyo.

Jana nilimpigia mama. Nikamweleza chakula cha Fife, yule mzee na binti yake, chumvi na mbaazi. Akacheka sana. Nikamwambia, mama, na wewe ungeulizwa ungejibu nini? Simu ikanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Mwanangu we soma urudi. Hayo ya Muungano yaache yalipo." Nikamwambia haya mama. Nikasubiri. Akaniuliza, sauti ya chini kabisa, "Kwani huko hata mwanamke mzee kama mimi anaulizwa?" Nikamwambia anaulizwa, na yule wa miaka 16 pia. Akasema, "Lo." Halafu akahamia habari za bei ya pweza.

Mashine inapiga kengele, nguo zimeiva. Nikichelewa yule dada wa ghorofa ya tatu atazitoa azimwage juu ya meza, naye ni Mskoti, simlaumu.